Askofu Steere na Walimu Wake

Miaka kadhaa iliyopita mwenzetu mmoja, mwalimu kutoka bara, alihamishiwa kazi huku Kengeja. Hata wiki haijatimia, mtoto wa jirani alimbishia hodi kumpa habari kwamba kaja ntu. Mwenzetu, kwa mazoea ya kazi yake, badala ya kutoka akamtazame mgeni, alianza kumsahihisha mtoto: yafaa kusema amekuja mtu. Mtoto akanyamaza akatazama chini. Babu yake alikuwa karibu, kibarazani, akisokota kamba. Hakukasirika. Alimwuliza tu mwalimu Kiswahili chake amejifunza wapi. Mwalimu akajibu kwamba amejifunza shuleni, katika vitabu. Mzee akauliza tena, na hao walioandika vitabu, wao walikipata kwa nani? Mwenzetu hakuwa na jibu. Akatoka kumpokea mgeni wake, akakuta amekwisha kwenda zake.

Swali hilo alituletea Jumapili baada ya sala. Sisi Wakristo wa huku kusini ya Pemba tu wachache, na wengi wetu tumeletwa na kazi, kwa hiyo mazungumzo ya baada ya sala huwa marefu. Tulipolizungusha swali la yule mzee tuliona kwamba jibu lake halina budi kupita kwa mtu mmoja ambaye jina lake tumelisikia tangu utotoni, ila maisha yake hatuyasimulii mara nyingi. Naye ni Edward Steere, Askofu wa tatu wa Misheni ya Vyuo Vikuu, aliyezikwa nyuma ya altare katika Kanisa Kuu la Mkunazini, mjini Unguja. Wengi wetu tumepita mbele ya kaburi lile. Tunamkumbuka kwa sababu ya kanisa alilolijenga mahali palipokuwa soko la watumwa, na ni haki. Lakini kabla hajaweka jiwe hata moja pale alifanya kazi nyingine, kazi ya kukaa chini na kufundishwa kusema. Hiyo ndiyo tunayotaka kuieleza leo.

Steere alizaliwa mwaka wa 1828 mjini London. Alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha London, akapata shahada ya udaktari wa sheria mwaka wa 1850, na mwaka huohuo akakubaliwa kuwa wakili. Hakuipenda kazi ya mahakamani. Mwaka wa 1856 aliwekwa kuwa shemasi, na baada ya miaka miwili akawa kasisi. Alitumika Skegness, kijiji cha pwani katika wilaya ya Lincolnshire, kati ya wavuvi na wakulima, nao walimpenda kwa kuwa hakuona haya kuvua koti na kushika kazi kwa mikono yake. Jambo jingine litakalotufaa mbele ni kwamba alijua kazi ya kupiga chapa. Baadaye alipewa parokia ndogo iitwayo Little Steeping, na huko angaliweza kukaa kwa amani mpaka uzee.

Lakini alikuwa na rafiki, kasisi jirani yake, jina lake William Tozer. Misheni ya Vyuo Vikuu ilikuwa imeanzishwa baada ya hotuba ya Daktari Livingstone kule Cambridge mwaka wa 1857, na Askofu wake wa kwanza, Mackenzie, alikufa kwa homa kando ya mto Shire mwezi wa Januari 1862. Tozer alipochaguliwa kushika mahali pake, Steere alikubali kufuatana naye kwa muda tu, amsaidie kuanza. Alimwacha mkewe Uingereza akaondoka mwaka wa 1863. Hakujua kwamba muda huo utakula maisha yake yote yaliyobaki.

Kule Shire mambo hayakwenda. Walikaa juu ya mlima Morumbala, penye ukungu na maradhi, pasipo watu wa kuwafundisha. Ndipo Tozer alipoamua kuihamisha Misheni, na Livingstone hakufurahi hata kidogo kusikia hivyo. Tarehe 31 Agosti 1864 Tozer na Steere walishuka Unguja, katika enzi ya Seyyid Majid bin Said.

Hebu tuwaze hali yao. Steere alikuwa na miaka thelathini na sita, umri ambao ulimi umekwisha kuwa mgumu. Alikuwa msomi mwenye shahada kubwa, naye katika mji ule hakuweza hata kuagiza maji ya kunywa. Misaada aliyokuwa nayo ni vitabu vya Daktari Krapf, Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka wa 1844 na kupiga chapa sarufi ya Kiswahili mwaka wa 1850. Kazi ya Krapf ilikuwa kubwa, wala hatuidharau, maana yeye ndiye aliyefyeka njia. Lakini Krapf aliandika Kimvita, na tahajia yake ilikuwa nzito na yenye kuchanganya. Steere alipoyatamka maneno yale sokoni Unguja, alikuta mengine hayakubaliki. Basi akaona kwamba kitabu kimemfikisha mlangoni tu, na kuingia ndani ni lazima mwenye nyumba amkaribishe.

Wenye nyumba walikuwa wa namna mbili. Tuanze na wadogo.

Siku chache baada ya kufika, Seyyid Majid aliwapa Misheni wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Kati yao walikuwamo wawili ambao majina yao yanakumbukwa mpaka leo, Swedi na Mabruki, walioitwa baadaye John Swedi na Francis Mabruki. Watoto hawa walitoka bara, kila mmoja na lugha ya mama yake, na Kiswahili kilikuwa kigeni kwao kama kilivyokuwa kigeni kwa Steere. Hapo ndipo tunapopenda kusimama kidogo. Katika nyumba moja pale mjini walikuwamo Mzungu mwenye shahada na watoto waliotolewa minyororoni, wote wakijifunza lugha moja kwa kuishi ndani yake, mezani, jikoni, pwani na katika sala. Lakini njia zao zilikuwa mbalimbali sana. Steere aliichagua lugha hii, akaitafuta kwa karatasi na kalamu. Watoto walitupwa ndani yake. Maneno ya kwanza ya Kiswahili aliyoyafahamu mtoto wa Kiyao au wa Kinyasa njiani kuja pwani yalikuwa maneno ya kuamrisha: njoo, simama, chukua, nyamaza. Hao waliletwa Unguja na huku Pemba kwa maelfu, wakakijua Kiswahili mashambani pasipo mwalimu wala kitabu, na wajukuu wao leo hukisema kama maji ya mtoni. Tukizungumza juu ya faida ya kujifunza lugha kwa kukaa na wenyewe, yafaa tukumbuke kwamba wengi wa pwani hii walijifunza hivyo kwa kuwa hawakupewa hiari nyingine.

Watoto hujifunza upesi kuliko wakubwa, na haikuchukua muda wale wavulana wakamtangulia mwalimu wao. Steere hakuona aibu kuwauliza. Alifika hata kuusoma mchezo wao wa kinyume, ule ambao watoto wa pwani huichukua silabi ya mwisho ya neno wakaitanguliza mbele, nyumba ikawa mbanyu, ili wakubwa wasiwafahamu. Katika kitabu chake cha sarufi mna sehemu inayoeleza kinyume. Mwandishi wa sarufi asiyecheza na watoto angelipata wapi habari hiyo?

Walimu wa namna ya pili walikuwa watu wazima wa mji, Waislamu, baadhi yao wanachuoni wakubwa. Mmoja ni Mohammed bin Ali, aliyemsaidia katika tafsiri. Mwingine ni Hamisi wa Kayi, aliyekuwa na kipawa cha kumweleza mgeni maana ya neno gumu. Aliyewapita wote kwa sifa ni Sheikh Abdulaziz al-Amawi, mzaliwa wa Barawa, kadhi na mwanachuoni ambaye jina lake linaheshimiwa Zanzibar hata leo. Sheikh huyu alijitolea mwenyewe kuzitafsiri Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili kilicho safi. Hakuwa Mkristo, wala hakutaka kuwa. Yeye na Steere walijua kwamba katika mambo ya imani hawakubaliani, na hawakuficha. Hata hivyo walikaa pamoja, mmoja akisema na mwingine akisikiliza, na katika jambo la lugha aliyekuwa mkubwa ni Sheikh. Sisi tunaoimba Zaburi katika lugha hii tuna deni ambalo wengi wetu hatukujua kwamba tunalo.

Sasa tueleze namna alivyojifunza, kwa maana hapa ndipo penye faida kwa kila mtu anayehamia penye watu wa ulimi mwingine.

Steere hakungoja mpaka ajue ndipo aseme. Alisema akakosea, akasahihishwa. Neno alilolisikia aliliandika, kisha akalitumia kwa mtu mwingine aone kama litapokewa. Likipokewa alilitia katika orodha, na likichekwa aliuliza kwa nini limechekwa. Kisha akafanya jambo ambalo mtu asiyejua kupiga chapa hangaliweza. Misheni ilikuwa na mashine ndogo ya chapa, na Steere aliwafundisha wavulana kupanga herufi. Mwaka wa 1865, alipokuwa hajatimiza hata miaka miwili mjini, alikwisha kupiga chapa vijitabu vya maneno na sarufi aliyoyakusanya. Hakuvitoa kwa kuwa amekwisha kujua. Alivitoa ili vipate kusomwa na kusahihishwa. Kijitabu kilipotoka chapani kilikwenda mikononi mwa watu, kikarudi na makosa yake yameonyeshwa, naye akapanga upya. Hivyo mashine ile ilikuwa kama mdomo wake wa pili. Alikosea hadharani, kwa wino, na makosa ya namna hiyo hayasahauliki upesi.

Hata wavulana walijifunza kwa njia hiyo. Mtu anayepanga herufi mojamoja kwa mkono hawezi kulipita neno bila kulitazama, na kama neno halikukaa sawa sikioni mwake atauliza. Baadaye kazi ya chapa iliongozwa na kijana wa Misheni, Owen Makanyassa.

Halafu ziko hadithi. Jioni, au kazi ilipopungua, Steere aliwaomba watu wamsimulie hadithi, naye akaandika kama walivyosema, pasipo kunyoosha sentensi zao zifuate sarufi ya Kizungu. Akimaliza aliwasomea, nao walimwambia palipoharibika. Ndiyo maana hadithi zake zina pumzi ya msimulizi. Imo ile ya Punda wa Dobi, pamoja na kima aliyepandishwa juu ya papa na kupelekwa baharini, akajiponya kwa kusema moyo wake ameuacha juu ya mti. Imo ya Sultani Darai na paa wake mwenye akili. Zimo pia habari za Liongo. Nani katika pwani hii hajasimuliwa habari za kima na papa? Lakini fikira ya kuziandika kama somo la lugha ilikuwa nzuri sana. Katika orodha ya maneno mtu hupata jina la kitu. Katika hadithi hupata namna watu wanavyotaniana, wanavyoombana radhi, wanavyonyamaza kwa heshima, na jinsi maskini anavyozungumza na sultani.

Wala hakuishia katika Kiswahili. Kila mtu aliyekutana naye mjini alikuwa mlango wa lugha nyingine. Alikusanya maneno ya Kishambala, akayapiga chapa mwaka wa 1867. Alikusanya mifano ya Kigindo, Kizaramo na Kingazija, ikatoka mwaka wa 1869. Baadaye zikaja Kinyamwezi na Kiyao mwaka wa 1871, na Kimakonde mwaka wa 1876. Nyingi za lugha hizi alizipata pale pale kisiwani, kutoka kwa watu ambao biashara ya utumwa au ya pembe ilikuwa imewatupa huko.

Mwaka wa 1868 alirudi Uingereza, afya ikiwa imepungua, akakaa tena katika parokia yake ya Little Steeping. Huko aliyapanga yote aliyoyachukua katika daftari zake, na mwaka wa 1870 vikatoka vitabu viwili: sarufi na msamiati wa Kiswahili kama kinavyosemwa Unguja, na kile cha hadithi. Angaliweza kutosheka hapo. Lakini Tozer aliugua, na mwaka wa 1872 Steere akarudi Unguja.

Alikuta kisiwa kimevunjika. Mwezi wa Aprili mwaka ule kimbunga kilikuwa kimeangusha majumba, kikazamisha vyombo na kung'oa mikarafuu mingi ya Unguja. Sisi wa Pemba tunaijua habari hii kwa upande wake wa pili. Kimbunga hakikutudhuru kama kilivyowadhuru wenzetu, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo nchi ya karafuu, na mashamba yetu yakazidi kutaka watumwa hata baada ya soko kufungwa. Soko lenyewe lilifungwa kwa mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, uliotiwa sahihi na Seyyid Barghash. Watumwa wakaendelea kuvushwa kwa siri usiku kuja Pemba, na utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria mpaka mwaka wa 1897.

Penye soko la Mkunazini ndipo Misheni ilipopata uwanja. Sehemu moja ilinunuliwa na Padre West, na sehemu nyingine, ile ambayo kanisa limesimama juu yake, ilitolewa na Jairam Senji, tajiri wa Kihindi aliyekuwa Mbaniani. Siku ya Krismasi 1873 jiwe la msingi likawekwa. Tozer alikuwa amejiuzulu, na tarehe 24 Agosti 1874 Steere aliwekwa kuwa Askofu katika Westminster Abbey.

Kanisa lilikuwa bado ni msingi tu wakati Steere alipoanza kuhubiri pale sokoni, katika kibanda. Alihubiri kwa Kiswahili. Watu wa mji, Waislamu, walikuja kumsikiliza, na tunaamini wengi hawakuvutwa na dini yake. Walivutwa na ajabu ya kusikia Mzungu anasema maneno yao bila mkalimani, tena kwa utaratibu na adabu. Mtu akisema nawe kwa lugha yako unaweza kumkatalia kwa lugha yako vilevile. Kwa mkalimani, mgeni husema na mwenyeji husikiliza tu. Lakini Steere alijiweka mahali ambapo aliweza kujibiwa.

Kujenga nako kulikuwa shule. Steere ndiye aliyesimamia, na mara nyingi ndiye aliyekuwa mbele ya mafundi alfajiri, akipima na kuonyesha kwa mkono. Paa la kanisa lile ni kuba ndefu ya mawe ya matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji, pasipo boriti. Watu wa mji walisema litaanguka siku miti ya kuegemezea itakapoondolewa. Miti iliondolewa na kuba ikabaki. Kazi kama ile haiwezekani kama msimamizi na waashi hawaelewani kwa maneno ya kazi, juu ya chokaa na kokoto, ya kulaini na ya kukaza. Husimuliwa kwamba baadhi ya nguzo ndogo karibu na mlango wa magharibi zilisimamishwa juu chini, Askofu alipokuwa safarini. Wageni huonyeshwa nguzo hizo hata leo, nao hucheka. Sisi tunaona ni ushahidi wa jambo tunalolieleza: mwenye kusema nao alipoondoka, mafundi walibaki na mchoro, na mchoro haukuulizika. Ibada ya kwanza ndani ya kanisa ilifanywa siku ya Krismasi 1879. Mwaka huohuo John Swedi, yule mtoto wa jahazi, alifanywa shemasi.

Katika miaka hiyo Steere alisafiri pia barani. Mwaka wa 1875 alikwenda kwa miguu kutoka Lindi mpaka kwa Mataka, mkuu wa Wayao, na mwaka wa 1876 kundi la watu waliowekwa huru lilipelekwa Masasi kuanza makao mapya. Wengi wa watu wale walikuwa wamekwisha kuwa Waswahili wa ulimi, na kule Masasi Kiswahili chao kilianza kupanda mbegu mpya. Mwenzetu yule mwalimu asili yake ni pande hizo. Basi Kiswahili alichotoka nacho kwao kuja Kengeja kilikuwa kimetoka Unguja na watumwa walioachwa huru, kikazunguka bara miaka mia na zaidi, ndipo kikarudi visiwani kumsahihisha mtoto wa Kipemba.

Steere alikufa ghafula mwishoni mwa Agosti 1882, siku chache baada ya kurudi kutoka safari ya Uingereza. Alikutwa amekufa kitandani. Alikuwa na miaka hamsini na minne. Agano Jipya lote lilikuwa limekwisha tafsiriwa, pamoja na sehemu za Agano la Kale na sala za Kanisa. Biblia nzima kwa Kiunguja ilipigwa chapa mwaka wa 1891, kwa kazi ya wenzake waliobaki. Mmoja wao, A. C. Madan, aliyeendelea na njia yake, alitoa kamusi mwaka wa 1903.

Sasa turudi kwenye swali la yule mzee, maana lina upande mchungu ambao hatutaki kuupita.

Mwaka wa 1928 wakubwa wa elimu wa nchi hizi za Afrika ya Mashariki walikutana Mombasa wakachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu. Mwaka wa 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia. Sababu zilikuwa nyingi, lakini moja ni dhahiri, nayo ni kwamba Kiunguja kilikuwa na vitabu tayari, sarufi, hadithi, Maandiko, kamusi, na vitabu hivyo vilianzia katika daftari za Steere. Yeye alisikiliza vizuri sana mahali pamoja. Watu wa mahali hapo wakawa, pasipo kujua, walimu wa nchi nzima. Mahali pengine hapakusikilizwa vile. Huku Pemba, katika karne ileile, walikuwako washairi kama Kamange na Sarahani, ambao mashairi yao yamehifadhiwa mpaka leo na hayahitaji kusahihishwa na mtu. Hata hivyo mtoto wa Kengeja anayesema ntu, nkono na nkate, kama walivyosema babu zake, huingia darasani akaambiwa kwamba lugha ya kwao ni makosa.

Je, kosa hilo ni la Steere? Sisi hatudhani hivyo. Kitabu chake alikiita cha Kiswahili kama kinavyosemwa Unguja, hakudai zaidi. Angalifika Kengeja akakaa mwaka mmoja, kwa tabia yake angalitoa kijitabu cha Kipemba na kukipeleka kibarazani kisahihishwe. Sisi tuliokuja baada yake ndio tulioshika alichokiandika tukaacha alivyokipata. Tukipelekwa kazini penye watu wa ulimi mwingine, tunafungua kitabu na kuwasahihisha, hali yeye alifunga kitabu cha Krapf akaenda kuulizauliza sokoni. Tunajisema sisi wenyewe, kwa maana zaidi ya mmoja kati yetu amewahi kukaa huku miaka mitatu akiwa hajui hata majina ya vitu vilivyomo katika mtumbwi wa jirani yake.

Tulipokwisha kuyapata haya, mwenzetu alikwenda kwa yule mzee kumpelekea jibu. Alimkuta mahali palepale, na makumbi yake. Alimweleza habari za Mzungu yule na watoto wa jahazi. Akamtajia Mohammed bin Ali, na Hamisi wa Kayi, na Sheikh Abdulaziz. Mzee alipolisikia jina la Sheikh aliitikia kwa kichwa na kumrehemu. Akataka kujua kama kati ya walimu wale alikuwamo Mpemba. Mwenzetu akasema hakukuta jina la Mpemba. Mzee akatafakari kidogo, kisha akasogea, akamfanyia nafasi kibarazani, akampa ncha moja ya kamba aishike. Mtoto akaitwa aje amfundishe mwalimu jina lake.